Chuma Hakitiwi Mfukoni

Nyundo ilikuwa hewani tulipoachana, msomaji. Sasa inashuka.

Mizani hakuiona nyundo yenyewe. Aliona kivuli chake tu, kikikua kwenye ukuta wa mabati. Akajitupa pembeni. Nyundo ikapita sikioni, ikamkwangua bega, ikatua juu ya sanduku la sampuli. Mbao zikapasuka. Vipande vya mwamba vikatawanyika sakafuni.

Bega likawaka moto. Mkono wa kushoto ukaning'inia kama wa kuazima.

Na kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kuketi nasi, jua haya machache uende sawa. Mwanamke aliye chini ni mchambuzi wa Mfuko wa Wastaafu. Wenzake kazini walimpa jina la Mizani kwa sababu hasemi ndiyo wala hapana kabla ya kupima. Amekuja kambini hapa, chini ya kilima, kupima jambo moja: je, akiba ya wazee iwekwe kwenye kampuni changa inayotafuta madini ya chuma? Kampuni yenyewe ni ya shemeji yake, mume wa mdogo wake. Na asubuhi ya leo mjiolojia wa kampuni hiyo, mzee mpole aliyeyapenda mawe kuliko watu, ameokotwa ndani ya bwawa la matope, fuvu limepasuka.

Haya. Turudi bandani, nyundo inainuka tena.

Aliyeishika alikuwa mchorongaji mkuu wa kambi, mtoboa miamba, pande la mtu ambalo shingo yake hukuweza kujua ilianzia wapi. Walimwita Kifaru.

"Muuaji!" alinguruma. "Ulidhani hatutakujua?"

Mwenye nyundo anamwita asiye na nyundo muuaji! Mizani hakupata nafasi ya kushangaa. Alichota vumbi la mawe sakafuni, akamrushia usoni. Kifaru akapiga ukelele, akajishika macho. Mizani akaokota kipande cha mwamba, kirefu kama mchi, kizito hata kiganja kikamwuma. Akakizungusha kwa nguvu zake zote.

Goti la Kifaru lilisema *ka!*

Akaporomoka kama gunia lililokatwa kamba. Nyundo ikamtoka. Kabla hajafumbua macho, ilikuwa mkononi mwa Mizani, imeelekea paji la uso wake.

"Tikisika, nikupasue."

"Nipasue!" Kifaru alitema damu na vumbi. "Kama mlivyompasua mzee wa watu! Alijua mnabadilisha mawe!"

"Nani anabadilisha mawe?"

"Nyinyi wa Mfuko! Hiyo kadi shingoni mwako, ndiyo ile ile aliyovaa mwenzako. Alikuja na vijana wake wawili wenye vizibao vya kung'aa, akasema anakagua. Akatutoa sote humu bandani, akafunga mlango. Magunia ya sampuli yakatoka jioni hiyo kwenda maabara. Mzee wa mawe akaniambia, Kifaru, magunia haya si yale niliyoyafunga mimi."

"Mwenzangu gani? Ana sura gani?"

"Mtu mzima. Nadhifu, viatu unajitazamia. Ananyonya peremende asubuhi mpaka jioni, na kila mtu kwake ni mwanangu, mwanangu."

Nyundo ilimlegea Mizani mkononi.

Alikuwa anamjua mtu mmoja tu wa namna hiyo. Ndiye aliyemwajiri. Ndiye aliyesimamia mazishi ya mumewe. Na Mizani alipoiambia kamati kwamba mwenye kampuni ni shemeji yake, wampe mtu mwingine kazi hii, ndiye aliyetabasamu, peremende ikigonga meno. "Nenda wewe wewe, mwanangu. Nani atamjua kuliko wewe?"

Mwenyekiti wa kamati ya uwekezaji.

Sasa ndipo Mizani alipoielewa ile huruma. Ukimkataa mtu wa nyumbani kwako mwenyewe, nani atabisha?

"Inuka," alimwambia Kifaru.

"Umenivunja goti, niinuke na nini?"

"Na hilo jingine. Huyo si mwenzangu. Nisaidie kupima."

Majibu ya maabara yalisema mawe ya kilima hiki ni mchanga uliochanganyika na kutu, mali ya kujengea choo. Lakini jiwe lililoangusha jitu lile halikuwa na uzito wa mchanga. Mizani alikuwa ameshatembea kambi nyingi za watafuta madini, na alijua kuliuliza jiwe lenyewe. Akachukua kigae kikavu mezani pa marehemu, akalisugua jiwe juu yake.

Mstari ukatoka mwekundu. Mwekundu wa damu iliyoganda, alama ya chuma.

Akajaribu sanduku la pili. Mwekundu. Lile la juu kabisa, lenye mawe yaliyotolewa chini sana ardhini. Mwekundu ule ule, na jiwe linavuta mkono kwenda chini kama mtoto asiyetaka kubebwa.

"Kilima chote?" alinong'ona.

"Popote tulipochoronga," alisema Kifaru. "Mzee alikuwa akiimba, mama. Mtu mzima yule, anaimba peke yake humu ndani."

Mizani aliketi juu ya sanduku. Mali ikisifiwa mno sokoni, muuzaji yuko karibu. Ikitukanwa mno, basi ajuaye bei yake yuko karibu zaidi. Yeye angesema hapana leo, na hakuna mwekezaji mwingine ambaye angethubutu kusema ndiyo. Kampuni ingekosa hata dizeli ya mtambo. Leseni ingerudishwa serikalini. Na mtu fulani nadhifu, kupitia mlango wa nyuma, angeiokota kama anayeokota sarafu njiani.

Alikuwa amekuja na hapana yake tayari mdomoni. Alikuwa ameitafuna njia nzima.

Mlango ukapigwa teke.

Kifaru akajivuta nyuma ya masanduku. Mizani akainua nyundo. Aliyeingia alikuwa shemeji yake, shati limelowa damu, shotigani ya mlinzi mkononi.

"Shemeji! Toka humo!"

"Hiyo damu ya nani?"

"Ya mlinzi! Wamempiga risasi getini. Tok..."

Bati la ukuta likatoboka juu ya kichwa chake. Kisha la pembeni. Mwanga wa jua ukaingia kwa vijidirisha vidogo, na kila kijidirisha kilikuwa na mlio wake.

Walikimbia. Mizani alimshika Kifaru kwapa la kulia, shemeji kwapa la kushoto, wakamburuta mpaka kwenye pikapu na kumtupa nyuma kama furushi. Gari jeupe lilikuwa limeziba njia ya kutokea kambini, na wale vijana wawili wa Mwenyekiti, wenye vizibao vya kung'aa, walikuwa wakija mbio, wameinama, bastola mbele.

"Juu!" alipiga kelele Mizani. "Panda juu, kwenye mtambo! Huko mtandao unashika!"

Pikapu ikaunguruma, ikashika njia ya kilimani.

Nyuma yao gari jeupe likageuza.

Njia ile ilikuwa imechongwa ubavuni mwa kilima, nyembamba, vumbi lake jekundu. Kushoto mwamba, kulia shimo. Shemeji alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja na kufuta jasho kwa wa pili. Kioo cha nyuma kikamwagika mabegani mwao kama chumvi.

"Nimeyaona mawe," Mizani alisema, ameinamisha kichwa magotini. "Sampuli zilibadilishwa. Kilima ni chuma kitupu."

Shemeji alicheka. Katikati ya risasi, alicheka kama bwana harusi.

"Nilikwambia! Miaka yote nilikwambia, ukaniita mpiga debe mbele ya mke wangu!"

"Na reli je?"

"Nini?"

"Reli. Umeiambia kamati kwamba wenye reli wamekubali mabehewa yako yapite mpaka bandarini. Wamekubali?"

"Risasi zinatupita masikioni, wewe unauliza reli?"

"Nitauliza mpaka kaburini! Chuma si dhahabu, shemeji. Dhahabu utaitia mfukoni utavuka nayo. Chuma hakitiwi mfukoni. Lazima kilima kizima kiondoke hapa kifike melini, au kibaki kilima tu, mbuzi wapande. Wamekubali au hawajakubali?"

"Wanakaribia kukubali."

"Shemeji."

"Wamekataa!" Alipiga usukani ngumi. "Haya, wamekataa, umeridhika? Wamekataa! Lakini mtu hukataa leo akakubali kesho. Hata mdogo wako alinikataa mwanzo!"

"Mdogo wangu hana mabehewa."

"Nilihitaji muda tu! Mkishaweka akiba yenu, wenye reli wataniona mtu mzima, watafungua mlango. Ndivyo biashara inavyokwenda. Lakini nyinyi wasomi, reli, reli, reli. Hata mzee wa mawe alianza hivyo hivyo, reli, re..."

Akakanyaga mafuta.

Mizani aligeuka kumtazama. Wakati huo huo Kifaru alipiga ukelele kule nyuma, na lile neno lililokatika likamtoka kichwani.

Kifaru alikuwa amepigwa ubavuni. Alikuwa amekaa amejiegemeza kwenye gurudumu la akiba, mkono mmoja umeziba tundu, damu ikipita kati ya vidole vyake vinene.

"Kifaru! Uko hai?"

"Niko hai, mama," alijibu. "Lakini nakuwa mwepesi."

Pikapu ikachomoza kileleni.

Ulikuwa uwanja mdogo uliosawazishwa kwa tingatinga. Katikati yake umesimama mtambo wa kuchoronga, mlingoti wake umeelekea mbinguni, na kando yake lile bwawa la matope. Pembeni, ukingoni kabisa mwa njia waliyopanda, yalipangwa mabomba ya chuma ya kuchorongea, rundo zima limezuiwa na magogo mawili. Shemeji alifunga breki, pikapu ikajizungusha, ikazima.

Hakukuwa na mahali pa kwenda zaidi. Mlio wa gari jeupe ulikuwa unapanda, gia kwa gia.

"Risasi zangu zimebaki kidogo," alisema shemeji.

Kifaru alikuwa ameshateremka. Hakuteremka, alidondoka. Akaanza kutambaa kuelekea ukingoni, goti moja limekufa, ubavu unavuja, akiacha nyuma yake mstari unaong'aa juani.

"Kifaru, unakwenda wapi?"

"Kazini."

Mizani aliyatazama mabomba, akaitazama njia iliyoteremka chini yake, akaelewa. Alimfuata mbio. Gogo la kwanza alilipiga yeye kwa ile nyundo, kwa mkono wake mmoja mzima, mara tatu nne, mpaka likatoka. La pili Kifaru alilisukuma kwa bega, mishipa imemtoka, akilia kwa sauti kama mtoto.

Gari jeupe lilitokeza kwenye kona ya mwisho.

Rundo likaguna. Bomba la juu likayumba, kama linafikiria. Kisha yote yakaenda.

Yaliteremka yakigongana, yakiruka, yakiimba wimbo mbaya wa chuma juu ya mwamba. Dereva aliona. Mizani alimwona anaona. Mdomo wake ulifunguka nyuma ya kioo cha mbele. Bomba la kwanza lilivunja bampa, la pili likapita juu, na la tatu likaingia kwa kioo, likatokea nyuma ya kiti chake.

Honi ikalia. Ikalia kwa muda mrefu, kisha ikafifia.

Gari lilijikunja ubavuni mwa mwamba. Mlango wa abiria ukafunguka, na kijana wa pili akatoka kwa kutambaa. Mguu wake mmoja ulikuwa umetazama upande ambao miguu haitazami. Bastola hakuwa nayo. Aliinua mikono yote miwili, viganja wazi.

"Msiniue! Nitasema! Nitasema kila kitu, yule mzee sisi hatuku..."

Shotigani ikalia karibu kabisa na sikio la Mizani.

Kijana alikaa chini. Alitazama kifua chake kama mtu aliyemwagikiwa chai. Akalala.

Mizani aligeuka polepole. Moshi ulikuwa bado unatoka kwenye mtutu.

"Alikuwa ameshainua mikono," alisema.

"Mikono huinuliwa na kushushwa, shemeji."

"Alikuwa anasema! Alikuwa anatuambia neno!"

"Wamekuja kutuua." Uso wa shemeji ulikuwa mkavu, macho yake yamekwenda mbali. "Ukimhurumia nyoka, kesho hutaamka kumsimulia mtu. Njoo tumfunge huyu jeraha."

Walimfunga Kifaru kwa shati. Mizani alikaza fundo kwa meno. Mikono yake ilikuwa ikifanya kazi, lakini akili yake ilikuwa bado imesimama kule chini, kwa kijana aliyelala na viganja wazi. Yule mzee sisi hatuku. Hatuku nini?

Ndipo simu yake ikalia.

Mtandao ulikuwa umeshika. Aliitazama: ofisini. Kamati imeketi. Alikuwa amesahau kabisa kwamba leo ndiyo siku ya kusema.

Upepo wa kileleni ulikuwa unavuma. Aliiweka simu kwenye spika, akaibana karibu na kifua.

"Mwanangu!" Sauti ya Mwenyekiti ilikuja laini, na nyuma yake kile kimlio kidogo cha peremende ikigonga jino. "Tumekutafuta sana. Wajumbe wote wanakusikia hapa. Tena tuna mgeni, mdogo wako. Amekuja kukuulizia, nimemkalisha karibu nami, hana wasiwasi wowote. Mkono wangu uko begani mwake hapa."



Mdogo wake yule, Mizani ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimfunga vifungo vya sare ya shule, akamfunga vifungo vya gauni la harusi.

"Basi usituchoshe," aliendelea Mwenyekiti. "Neno moja linatosha. Tuwekeze au tusiwekeze?"

"Sema ndiyo," alinong'ona shemeji, amesogea, pumzi yake inamgusa shingoni. "Umeyaona mawe. Sema ndiyo."

Fikiria mwenyewe, msomaji, ungesema nini.

Hapana lilikuwa neno la kweli. Hakuna reli, hakuna biashara. Mchambuzi yeyote mwenye akili timamu angesema hapana na kwenda kulala. Lakini hapana hiyo ndicho kisu alichokinoa Mwenyekiti, na kingekata palepale alipotaka. Ndiyo ingemponyesha shemeji, ingemfurahisha mdogo wake, na ingechukua jasho la walimu, wauguzi na wafagiaji ikalimwaga juu ya kilima ambacho hakina njia ya kushukia. Mbele maji, nyuma moto, na mkono wa mtu begani mwa mdogo wake.

Mizani alifumba macho. Akapima.

"Wazee wangu," alisema, "neno moja halitoshi. Kilima kina chuma. Chuma chenyewe sijawahi kushika kizuri kama hiki."

Shemeji akakenua meno yote.

"Lakini reli haipo. Wenye reli wamekataa, na kampuni imewadanganya juu ya hilo."

Meno yakafichika.

"Kwa hiyo msinunue hisa zake leo. Wala msikae pembeni mkiacha kilima kiokotwe na mjanja. Nendeni wenyewe kwa wenye reli. Mkirudi na ruhusa mkononi, nunueni kwa masharti yenu, si ya mtu. Hilo la kwanza. La pili, sampuli zilizokwenda maabara zilibadilishwa, kilima kionekane takataka. Aliyezibadilisha mashahidi wamemwona. Ameketi hapo kwenye kichwa cha meza yenu."

Hata peremende ilinyamaza.

Kisha sauti kavu, ya mwalimu mstaafu anayewakilisha wazee kwenye kamati ile, mtu ambaye Mizani hakuwahi kumsikia akipandisha sauti. "Rudia hilo la pili."

"Anaumwa huyu," alidakia Mwenyekiti. "Mwanangu, jua la huko limekupiga. Hebu fikiria vizuri, mtazame mdogo wako hapa anavyo..."

Kishindo. Kiti kikaanguka. Mtu akapiga yowe, yowe la mwanamume, refu na la aibu. Vioo vikavunjika. Sauti nyingi zikapandana, mshike, mshike huyo, funga mlango, na juu ya zote sauti ya mwalimu mstaafu ikiita walinzi kama anayeita darasa lililotoroka.

"Dada?"

Mizani nusura adondoshe simu. "Upo? Mzima?"

"Mzima." Mdogo wake alikuwa anahema. Ni muuguzi wa wodi ya ajali, haogopi damu wala kelele. "Nimempiga na chupa ya chai ya moto. Alikuwa ananibana shingo chini chini, huku anatabasamu. Wamemkalia sasa. Dada, nisikilize. Sikuja hapa kwa ajili yake. Nilikuja kukutafuta wewe tangu asubuhi, simu yako haipatikani. Mume wangu yuko karibu na wewe?"

"Yupo."

"Anasikia?"

Mizani aliitazama simu kifuani mwake. Ilikuwa bado kwenye spika. Upepo ulikuwa umetulia ghafla, kama na wenyewe unasikiliza.

Kule upande wa pili mdogo wake alikuwa ameshaanza, maneno yakimtoka mbio, hayawezi kurudishwa.

"Mjiolojia alinipigia jana. Alisema amemwambia mume wangu kwamba ukifika kambini atakueleza ukweli wa reli. Alisema mume wangu amemshika ukosi, amemtishia kumtupa bwawani. Nikamwambia, mzee wangu, ni hasira tu, atapoa. Nilimwambia atapoa, dada! Leo alfajiri mume wangu kanipigia, analia kama mtoto. Anasema, mke wangu, mkono umeteleza. Mkono umeteleza. Sikumwelewa mpaka niliposikia mzee ameokotwa. Dada, si wale vijana waliomuua. Usipande naye gari. Usibaki naye peke yako. Unanisikia? Dada?"

Nyuma ya Mizani, shotigani ilifunguliwa, ikafungwa. Risasi mpya imeingia.

"Zima simu, shemeji," alisema mume wa mdogo wake, taratibu sana.

Mizani hakuizima. Aliinamisha mkono tu, akaiweka juu ya jiwe, uso wake juu, mdogo wake bado anaita jina lake kutoka humo ndani. Kisha akageuka.

Shemeji alikuwa amesimama hatua chache tu, mtutu umemlenga tumboni. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Huyu ndiye aliyekuwa akibeba viti kwenye msiba wa mumewe. Ndiye aliyeutengeneza mlango wa jiko lake uliokuwa ukigoma.

"Ulimuua mzee kwa ajili ya reli," alisema Mizani.

"Nilimsukuma! Nilimsukuma mara moja, akaangukia mtambo, akatumbukia bwawani! Alikuwa hataki kunyamaza. Ningefanyaje? Kilima hiki nimekitafuta maisha yangu yote. Nimekipata, ni cha kweli, umekishika mwenyewe kwa mkono wako. Halafu mtu mmoja na neno moja..." Alinyanyua mtutu ukafika kifuani. "Waambie umekosea. Waambie reli ipo. Mwenyekiti ndiye amefanya yote, hata hilo la mzee. Amekwisha, si amekwisha? Hakuna atakayemsikiliza. Sisi ni ndugu, shemeji. Waambie."

"Sitawaambia."

"Usinifanye hivi."

"Mdogo wangu anasikia," alisema Mizani. "Piga, akiwa anasikia."

Kwa kitambo kile Mizani aliona mambo mawili yakishindana usoni mwake, na kazi yake yote duniani ilikuwa kujua lipi zito. Hakujua. Kwa mara ya kwanza tangu apewe lile jina, hakujua.

Kokoto zikasaga upande wa mabomba. Kitu kikubwa kikasogea pembeni ya jicho lake.

"Mama, lala chini!"

Mlio mmoja ukapasua kilele. Ndege wote wa kilimani waliruka kwa pamoja.

Mizani alikuwa bado amesimama. Alihisi uvuguvugu ukimtiririka shavuni, ukishuka shingoni, ukiingia kwenye kola. Akapeleka mkono, akautazama.

Ilikuwa damu, na haikuwa yake. Ya nani, msomaji, tutajua tukikutana tena.